Kisukari ni cha Kurithi? Inategemea Kisukari Kipi

Kila inapotoka habari kwamba wanasayansi wamegundua "jeni ya kisukari", maswali mawili hufuata papo hapo. La kwanza huulizwa na mwenye mzazi mgonjwa: basi na mimi nasubiri zamu yangu tu? La pili huulizwa na yule ambaye ukoo wake haujawahi kuwa na mgonjwa hata mmoja: sasa hiki changu kimetoka wapi? Maswali yote mawili yamejengwa juu ya dhana kwamba kisukari ni ugonjwa mmoja wenye chanzo kimoja, ambacho ama unacho ama huna.

Dhana hiyo ndiyo inayovuruga mambo. Kisukari ni jina la matokeo: sukari imezidi kwenye damu na haishuki. Ni sawa na kusema maji hayatoki bombani. Kweli hayatoki, lakini huenda tangi ni tupu, huenda bomba limepasuka njiani, huenda koki imekwama. Fundi anayekuja na tiba moja kwa hitilafu zote tatu atakumalizia muda na fedha. Utafiti wa jeni wa miaka 30 iliyopita umesaidia hasa hapo: kuonyesha mfumo umekatika wapi, na kwa mgonjwa yupi.

Tahajia ndiyo inayotofautiana

Jeni ni kipande cha DNA chenye maelekezo ya kutengeneza protini. Binadamu ana jeni za namna hiyo zipatazo 20,000, na karibu kila moja anayo kwa nakala mbili, moja ya mama na moja ya baba. Maelekezo yameandikwa kwa herufi nne tu za kikemikali. Vichwa vya habari hupindisha hapa: hakuna mtu "mwenye jeni ya kisukari" na mwingine "asiye nayo". Wote tuna jeni zile zile. Tunachotofautiana ni tahajia. Herufi moja ikibadilika, mara nyingi hakuna kinachotokea. Mara nyingine protini hutoka dhaifu kidogo, au hutengenezwa kwa wingi usiofaa. Mara chache sana hutoka mbovu kabisa.

Insulini ni protini mojawapo, na ni ndogo: asidi amino 51 tu, katika minyororo miwili iliyofungamanishwa. Jeni yake iko kwenye kromosomu ya 11. Hutengenezwa na seli beta, zinazokaa katika vishada vidogo ndani ya kongosho viitwavyo visiwa vya Langerhans, kwa jina la Mjerumani aliyevieleza mwaka 1869 akiwa bado mwanafunzi, bila kujua kazi yake. Vishada hivyo ni kama milioni moja, lakini vyote pamoja ni asilimia 1 hadi 2 tu ya kongosho. Sehemu iliyobaki hutengeneza hasa majimaji ya kumeng'enya chakula. Kwa hiyo mwili mzima unategemea tishu ya uzito wa gramu moja au mbili hivi kudhibiti sukari yake.

Na udhibiti wenyewe hauna nafasi ya mzaha. Damu ya mtu mzima ni takribani lita 5. Asubuhi kabla ya kula, glukosi yote iliyoyeyuka humo ni gramu 4 na nusu hivi, kijiko kimoja cha chai. Kipima sukari kitasoma milimoli 5 kwa lita, au miligramu 90 kwa desilita (kupata kipimo cha pili, zidisha cha kwanza kwa 18). Kisukari huthibitishwa sukari ya kabla ya kula ikifika 7.0, yaani 126. Piga hesabu: kwa lita zote 5, hizo ni gramu 6.3. Tofauti kati ya mzima na mgonjwa haifiki gramu 2 katika damu nzima, ilhali mlo mmoja unaweza kuingiza gramu 60.

Seli beta inajuaje kuwa umekula?

Tukae hapa kidogo, maana karibu kila jeni itakayotajwa mbele inakaa mahali fulani kwenye mnyororo huu.

Glukosi ikiongezeka kwenye damu, inaingia yenyewe ndani ya seli beta kupitia milango iliyo wazi. Ndani inakutana na kimeng'enya kiitwacho glukokinasi, ambacho ni kama karani wa mlangoni anayehesabu wanaoingia. Sukari ikiwa chini anafanya kazi polepole. Ikipanda, kasi yake inapanda nayo. Glukosi iliyopita kwake inachomwa na kuzalisha nishati, na nishati hiyo ndiyo habari yenyewe: ikiwa nyingi, seli inajua sukari imepanda.

Kwenye ukuta wa seli kuna vilango vya potasiamu ambavyo muda wote wa njaa viko wazi. Nishati ikiongezeka, vinafungwa. Potasiamu ikikwama ndani, chaji ya umeme ya ukuta wa seli inabadilika, na mabadiliko hayo yanafungua vilango vingine, vya kalsiamu. Kalsiamu inaingia kwa kishindo, na vifuko vilivyojaa insulini, vilivyokuwa vimepangwa tayari kando ya ukuta, vinapasukia nje. Yote haya huchukua dakika chache. Mmiminiko wa kwanza hudumu kama dakika 10, kisha unafuata wa pili, wa polepole lakini mrefu. Kupotea kwa ule wa kwanza ni mojawapo ya dalili za mapema kabisa za kisukari aina ya 2, kile kinachowapata wengi zaidi, miaka kadhaa kabla mtu hajahisi kiu.

Insulini yenyewe haitoki kiwandani ikiwa tayari. Huanza kama mnyororo mmoja mrefu, ukakunjwa, kisha kipande cha katikati cha asidi amino 31 kikakatwa. Kipande hicho, kiitwacho C-peptidi, hutolewa kwenye damu sambamba na insulini, kimoja kwa kimoja. Kina manufaa makubwa hospitali kwa sababu insulini ya sindano haina C-peptidi. Mgonjwa anayejidunga kila siku akipimwa C-peptidi, daktari anajua kongosho lake mwenyewe bado linatoa kiasi gani.

Upande wa pili wa mnyororo uko kwenye misuli, mafuta na ini. Wengi wamefundishwa kwamba insulini ni ufunguo unaofungua mlango wa seli ili sukari iingie. Mfano huo unakubalika, ila kengele ni mfano bora zaidi. Insulini inabaki nje. Inagonga kipokezi kilicho juu ya seli, ujumbe unapokezanwa ndani kutoka protini moja hadi nyingine, na mwishowe vibebeo vya glukosi vilivyokuwa vimehifadhiwa ndani vinapandishwa hadi ukutani. Seli ikiacha kuitikia kengele ilhali inagongwa, huo ndio usugu wa insulini. Kwenye ini ujumbe ni mwingine: acha kutengeneza sukari. Ini huzalisha glukosi usiku kucha ili ubongo usikose chakula, na insulini ndiyo inayolipunguza kasi. Ndiyo maana mtu analala bila kula kitu na kuamka sukari ikiwa 9. Hakuna aliyemdanganya, ini lake halikusikia kengele.

Pale ambapo herufi moja inatosha

Kati ya watu 100 wenye kisukari, wachache, mmoja hadi watano hivi, wana aina inayosababishwa na jeni moja tu. Ni wachache, lakini hao ndio walioufundisha ulimwengu zaidi, na ndio ambao kujua jeni hubadilisha matibabu kesho yake asubuhi.

Chukua watoto wanaopata kisukari kabla ya kufikisha miezi 6. Kwa miongo mingi waliitwa wagonjwa wa aina ya 1, ile ambayo mfumo wa kinga huua seli beta, na kuwekwa kwenye sindano maisha yao yote. Mwaka 2004 watafiti walionyesha kwamba theluthi hivi kati yao wana kosa kwenye jeni iitwayo KCNJ11, ambayo ina maelekezo ya kile kilango cha potasiamu tulichokiona. Kilango kimekwama wazi. Sukari inapanda, nishati inapanda, lakini kilango hakifungi, kwa hiyo kalsiamu haiingii na insulini haitoki. Kiwanda kizima, ghala likiwa na bidhaa, kinashindwa kwa sababu ya swichi moja.

Na kumbe kulikuwa na vidonge vya miaka mingi, jamii ya sulfonilurea (glibenklamidi ni mmojawapo), ambavyo kazi yake ni kukifunga kilango hicho hicho kwa kukishika upande mwingine. Katika utafiti uliochapishwa 2006, wagonjwa 44 kati ya 49 wenye kosa hilo waliacha sindano na kuendelea kwa vidonge, na udhibiti wao wa sukari ukawa bora kuliko awali. Dozi zao huwa kubwa kuliko za wagonjwa wa kawaida. Kwa kuwa kilango kile kipo pia kwenye ubongo na misuli, baadhi ya watoto hao huchelewa pia kukua kiakili na kimwili, na hiyo ni sababu nyingine ya kuwagundua mapema.

Kanuni iliyotokana na ugunduzi huo ni nyepesi: yeyote aliyegunduliwa na kisukari kabla ya miezi 6 apimwe jeni, hata kama sasa ana miaka 30. Ila kubadilisha dawa hufanyika hospitali, chini ya uangalizi, baada ya majibu ya jeni. Mtoto mwenye aina ya 1 ya kweli akinyimwa insulini na kupewa vidonge, damu yake itajaa asidi na anaweza kufa ndani ya siku chache.

Aina nyingine za jeni moja huonekana ujanani na hupita kutoka kizazi hadi kizazi bila kuruka, kwani nakala moja mbovu inatosha. Kila mtoto wa mgonjwa ana uwezekano wa nusu kwa nusu. Mbili ni za kuzijua. Ya kwanza ni kosa kwenye glukokinasi, yule karani wetu. Anakuwa mzembe kidogo, anapiga kengele sukari ikiwa imepita kiwango cha kawaida. Mtu huyo anazaliwa na sukari ya 5.5 hadi 8 kabla ya kula na anazeeka nayo hivyo hivyo. Madhara ya macho, figo na neva ni nadra kwake, na vidonge havimsaidii kwa sababu mwili unarudisha sukari pale pale ulipoizoea. Kwa kawaida tiba sahihi ni kutompa dawa. Ujauzito ndio pekee unaohitaji mashauriano: mtoto aliye tumboni akiwa amerithi kosa lile lile, kushusha sukari ya mama kwa nguvu kunaweza kumfanya azaliwe mdogo.

Ya pili ni kosa kwenye jeni HNF1A, inayosimamia jeni nyingine za seli beta. Hii si ya kupuuzwa, sukari hupanda mwaka hadi mwaka na madhara huja. Lakini wagonjwa hawa huitikia sulfonilurea kwa kiasi cha kushangaza, hata huanzishiwa robo ya dozi ya kawaida ili sukari isiporomoke. Wengi wao wanaishi wakidungwa insulini wasiyoihitaji, kwa sababu tu hakuna aliyeuliza kwa nini bibi, mama na binti wote waliugua kabla ya miaka 25 wakiwa wembamba.

Haba na haba: aina ya 2

Sasa tuje kwa umati. Zaidi ya watu 9 kati ya 10 wenye kisukari wana aina ya 2, na hapo hakuna jeni moja ya kulaumiwa.

Mwaka 2006 watafiti wa Iceland walitangaza tofauti ya tahajia kwenye jeni TCF7L2. Hadi leo ndiyo yenye nguvu kuliko nyingi zilizoenea kwa watu, na nguvu yenyewe ni hii: nakala moja huongeza hatari kwa takriban asilimia 40. Asilimia hizo ndizo zinazotisha magazetini, basi tuzipime. Ikiwa katika kundi fulani watu 10 kwa 100 wangeugua, miongoni mwa wenye nakala moja wataugua kama 13 au 14. Wengine 86 hawataugua, na wanabeba tahajia ile ile. Nyingine zilizofuata ni ndogo kuliko hiyo, kila moja ikiongeza asilimia 5 au 10 tu. Mwaka 2024 uchambuzi wa watu zaidi ya milioni 2.5 ulifikisha maeneo 611 kwenye DNA yanayohusiana na aina ya 2. Haba na haba hujaza kibaba: hatari ya mtu ni jumla ya punje hizo zote, na kila mmoja wetu ana baadhi yake.

Mambo mawili yaliwashangaza hata wataalamu. Kwanza, nyingi ya tofauti hizo haziko ndani ya jeni. Ziko kwenye sehemu za DNA zinazofanya kazi kama swichi za kuongeza au kupunguza utengenezaji wa protini. Pili, sehemu kubwa ya zile zenye nguvu zinagusa seli beta. Kwa miaka mingi aina ya 2 ilielezwa kama ugonjwa wa unene na usugu wa insulini basi. Usugu upo, lakini watu wengi wanene hawapati kisukari kamwe, kwa sababu seli beta zao zina uwezo wa kuongeza kazi. Anayeugua ni yule ambaye mzigo umeongezeka na wabebaji wamechoka. Utafiti mkubwa wa Uingereza uitwao UKPDS ulikadiria kwamba siku mgonjwa anapogunduliwa, karibu nusu ya uwezo wa seli beta umeshapotea. Hapo ndipo lilipo jibu kwa wanaosema insulini ni dawa ya mwisho au kwamba mtu "huizoea" kama kilevi. Kuhitaji insulini baada ya miaka 10 kunaonyesha tu kwamba wabebaji wamepungua. Huwezi kuwa mraibu wa kitu ambacho mwili wako ulikitengeneza tangu tumboni.

Zipo tofauti adimu zenye nguvu kubwa. Miongoni mwa Wagreenland kuna kosa la jeni TBC1D4 linalozuia vibebeo vya glukosi kupanda kwenye ukuta wa misuli. Mwenye nakala mbili ana hatari ya takriban mara 10. Sukari yake ya asubuhi huwa ya kawaida, hupanda baada ya kula tu, kwa hiyo kipimo cha kabla ya kula kinaweza kumpita kabisa. Na ipo jeni ambayo kuharibika kwake ni heri. SLC30A8 hutengeneza pampu ya kuingiza zinki ndani ya vifuko vya insulini, maana insulini huhifadhiwa ikiwa imekusanyika sita sita kuzunguka zinki. Mtu angetarajia pampu ikiharibika kisukari kije. Mwaka 2014 ikaonekana kinyume: wenye nakala moja mbovu walikuwa na hatari pungufu kwa takriban asilimia 65. Tangu hapo pampu hiyo inatazamwa kama shabaha ya dawa.

Je, mwenye tahajia mbaya afanye nini? Jibu lilipatikana Marekani, kwenye utafiti wa watu 3,234 waliokuwa karibu kupata kisukari. Kupunguza asilimia 7 ya uzito na kutembea au kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki kulipunguza wagonjwa wapya kwa asilimia 58. Metformini, kidonge cha kisukari, ilipunguza kwa asilimia 31. Baadaye DNA zao zikasomwa. Wenye nakala mbili za TCF7L2 ya hatari waliougua zaidi walikuwa wale ambao hawakubadilisha chochote. Waliobadilisha mwenendo walinufaika.

Ieleweke pia kwamba ukoo haurithishi DNA peke yake. Husemwa kwamba mwenye mzazi mmoja mwenye aina ya 2 ana hatari ya maisha ya kama asilimia 40, na mwenye wazazi wote wawili karibu 70. Namba hizo zimechanganya jeni na sufuria, kiti cha kukalia na saa za kulala. Hata tumbo la mama lina sehemu yake: watu waliokuwa tumboni wakati wa njaa ya Uholanzi ya 1944 hadi 1945 walionekana ukubwani kushindwa kudhibiti glukosi kuliko wenzao, bila herufi moja ya DNA kubadilika. Kilichobadilika ni alama za kikemikali zinazowekwa juu ya DNA.

Aina ya 1: kosa la mlinzi

Hapa seli beta haina hatia. Mfumo wa kinga ndio unaoiua.

Nusu hivi ya hatari ya kurithi iko kwenye jeni za HLA, kromosomu ya 6. Protini za HLA ni kama sahani: kila seli huweka juu yake vipande vya protini za ndani ili walinzi wa kinga wavikague. Baadhi ya maumbo ya sahani hushika vipande vya insulini na vya protini nyingine za seli beta kwa namna inayowachanganya walinzi, nao wakadhani wamekutana na adui. Mojawapo ya protini hizo ni ile ile pampu ya zinki. Kingamwili dhidi yake, yaani protini ambazo kinga hutengeneza kumlenga adui, hupimwa leo, pamoja na zile dhidi ya insulini na protini nyingine mbili za seli beta, GAD na IA-2.

Lakini wengi wenye maumbo hayo hawaugui kamwe. Ndugu wa mgonjwa ana hatari ya kama watu 5 au 6 kwa 100, na wagonjwa wapya karibu 9 kati ya 10 hawana jamaa wa karibu mwenye aina ya 1. Pacha wa kufanana wa mgonjwa, mwenye DNA ile ile, hufikia uwezekano wa asilimia 65 akifuatiliwa hadi miaka 60. Ingekuwa jeni peke yake, ingekuwa 100. Kwa hiyo yule aliyeuliza "kimetoka wapi" hana sababu ya kumtafuta mchawi wala kumtilia shaka mwenzi wake. Na pipi hazihusiki na aina hii.

Mtoto mwenye kingamwili mbili au zaidi tayari yuko njiani hata kama sukari yake ni ya kawaida: katika miaka 10, kama 70 kwa 100 huugua. Dawa ya teplizumabi, inayotolewa kwa mshipa kwa siku 14 mfululizo, ilionyesha kuwachelewesha wale ambao sukari yao imeshaanza kuyumba kwa takriban miaka miwili, na Marekani iliiidhinisha Novemba 2022. Kuchelewesha, si kuponya.

Wazo kwamba aina ya 1 ni ya watoto tu lina madhara ya kweli. Uchambuzi wa jeni za watu wa Uingereza ulionyesha kwamba kati ya wote wanaoipata kabla ya miaka 60, karibu 4 kwa 10 huipata baada ya miaka 30. Wengi huanza kupewa vidonge vya aina ya 2. Mtu mzima anayekonda haraka na ambaye vidonge vimegoma ndani ya miezi anastahili kupimwa kingamwili. Hata hivyo, majibu ya "hakuna kingamwili" nayo yasomwe kwa akili: utafiti uliochapishwa 2025 kutoka Kameruni, Uganda na Afrika Kusini uliona kwamba zaidi ya nusu ya vijana waliotambuliwa kuwa na aina ya 1 hawakuwa nazo. Huenda humo kuna ugonjwa wa namna nyingine ambao haujapewa jina lake.

Kipimo kipi, kwa nani

Kwa mwenye aina ya 2 ya kawaida, kipimo cha DNA hakimwongezei mengi kuliko umri, uzito, kiuno na historia ya ukoo. Vifaa vya kutema mate vinavyouzwa mitandaoni husoma herufi zilizochaguliwa tu. Majibu kwamba "huna" hayaondoi kisukari cha jeni moja, ambacho hutafutwa kwa kusoma jeni nzima herufi kwa herufi.

Wanaofaa kupimwa jeni ni waliougua kabla ya miezi 6, vijana wasio wanene wenye mzazi na babu au bibi mgonjwa, na wale ambao sukari yao imekaa juu kidogo bila kusogea kwa miaka. Kwa vijana hao, utaratibu mzuri huanza na vya bei nafuu. Kingamwili kwanza, zikionekana, utafutaji unaishia hapo. Zisipoonekana, C-peptidi, ikipimwa pamoja na sukari ya wakati huo huo. Ikiwa chini ya pikomoli 200 kwa lita, insulini ya mwili imekwisha. Ikiwa zaidi ya 600 miaka kadhaa baada ya kuugua, aina ya 1 inakuwa na shaka. Ndipo jeni zisomwe.

Jeni huingilia hata kipimo cha kawaida. HbA1c hupima sukari iliyoganda kwenye chembe nyekundu za damu, na wastani wake unategemea chembe hizo kuishi kama siku 120. Zikifa mapema, sukari haipati muda wa kuganda. Tofauti fulani ya jeni G6PD, iliyoenea kwa watu wenye asili ya Afrika, hushusha HbA1c, ambayo husomwa kwa asilimia, kwa takriban 0.8 kwa wanaume walio nayo, bila sukari yenyewe kushuka. Mpaka wa kisukari ni 6.5. Mtu mwenye 6.9 ya kweli ataambiwa 6.1 na kurudishwa nyumbani. Kubeba nakala moja ya selimundu nako hushusha kipimo. Kwa hiyo kipima sukari na HbA1c vikipingana, usiamini karatasi peke yake; omba kipimo cha kabla ya kula au cha saa mbili baada ya kunywa glukosi.

Kuhusu "tiba imepatikana"

Habari mbili za 2025 zilisambaa sana na kuchanganywa. Katika ya kwanza, watu 12 wenye aina ya 1 walipandikizwa visiwa vilivyokuzwa maabara kutoka seli shina, vikaingizwa kupitia mshipa wa ini. Baada ya mwaka, 10 hawakuhitaji tena sindano. Ni mafanikio makubwa, ila wote wanameza dawa za kudhoofisha kinga ili mwili usivikatae, na dawa hizo hufungua mlango kwa maambukizi. Kwa sababu hiyo walichaguliwa watu ambao sukari yao ilikuwa ikiporomoka kwa namna ya kuhatarisha maisha.

Ya pili ilitaka kuondoa dawa hizo. Mgonjwa mmoja nchini Sweden aliwekewa, ndani ya msuli wa mkono, seli za mfadhili zilizohaririwa jeni: zile sahani za HLA ziliondolewa ili walinzi wasione kitu cha kukagua, na ikaongezwa protini inayowaambia walinzi wengine "usiniguse". Wiki 12 baadaye seli zilikuwa hai na zinatoa C-peptidi, bila dawa yoyote ya kinga. Dozi ilikuwa ndogo kwa makusudi, kwani lililotafutwa ni kama kinga ingeziacha salama. Mgonjwa mwenyewe aliendelea kujidunga insulini kama kawaida.